Mchanga Uliocheza Chini ya Jiwe

Siku tatu nilikuwa barabarani kutoka Tunduru, na katika siku hizo sikuwa macho hata saa moja kamili, wala sikulala. Songea ilipita ndani ya manyunyu. Njombe nilijifunga shuka mpaka masikioni. Iringa mtu aliyekaa pembeni yangu alishuka na kuniachia ndizi mbili mapajani bila kusema neno, kana kwamba tulikuwa tumekubaliana hivyo tangu zamani. Dodoma nikabadilisha basi. Baada ya Kondoa milima ikaanza kuinuka, barabara ikawa inapinda na kupinda, na kila nilipofumbua macho niliona mlima uleule umehamia upande mwingine wa dirisha.

Tiketi yangu ilikuwa ya Arusha. Huko kulikuwa na mtu mwenye karakana ya kushona sare za shule, na vyerehani vyake vilikuwa vinaruka nyuzi. Mimi ni fundi wa vyerehani. Sishoni, navitengeneza. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kazi hii kwa mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri na aliyekuwa akisikiliza mashine kwa kuiwekea sikio, na tangu hapo kazi imenitembeza. Kila mji una cherehani kilichokwama. Nikishakaa mahali miezi sita, saba, naanza kusikia cha mji mwingine.

Tulipopita Bonga nikafumbua macho tena, na mkono wa kushoto kulikuwa na maji. Ziwa limelala pale chini, tulivu, limezungukwa na majani marefu, na mawingu yamo ndani yake. Hakuna aliyetazama isipokuwa mimi. Nikasimama.

"Konda, nishushe hapo mbele."

"Hapo mbele ni Babati. Si unakwenda Arusha wewe?"

"Nilikuwa nakwenda."

Konda akageukia basi zima. "Jamani, huyu ameota ndoto."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikashuka na begi langu, miguu imevimba, na mwenye karakana wa Arusha nikampigia simu jioni ile kumwomba radhi. Nilidhani nitakaa siku mbili. Nilikaa miezi kumi na moja.

Chumba nilipata Nakwa, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye mparachichi uani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, mkulima wa mahindi na maharage upande wa Singe. Mtaa ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mimi nilimwita Mama tu, na yeye aliniita fundi. Kazi yangu niliifanyia kwenye baraza la duka lililotazamana na nyumba, kwa ruhusa ya mwenye duka, mtu mpole wa kofia nyeupe ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na ambaye hakuweza kuacha mzaha hata wakati wa kupima sukari.

Kitu cha kwanza ninachofanya nikipata chumba ni kutafuta msumari. Nina miwani ya kuzamia, yenye kioo kipana na mpira mweusi, pamoja na mrija wake wa kupumulia. Nilipewa kisiwani Mafia, mwaka nilioshinda nikitengeneza vyerehani vya nyumba ya wageni iliyokuwa ikishona mapazia yake yenyewe. Mpishi wao alipohama alinivika usoni akasema, "Kumbukumbu." Tangu siku hiyo nimeitembeza Tabora, Mpanda na Tunduru, mahali ambapo haina kazi yoyote. Naitundika ukutani. Asubuhi, kabla sijaamka sawasawa, naitazama, na kwa dakika moja hivi chumba kinajaa maji mepesi ya buluu na samaki wadogo wanapita juu ya kitanda.

Mama aliiona siku alipoingia kuangalia bati lililokuwa linavuja.

"Hicho nini, fundi?"

"Miwani ya kuzamia, Mama. Unavaa, unaweka uso ndani ya maji, unaona mpaka chini."

"Na huo mrija?"

"Wa kupumulia. Wenyewe unabaki juu ya maji."

Akaitoa msumarini. Akaweka kiganja chake upande mmoja wa kioo na kukitazama kutoka upande wa pili, muda mrefu kidogo.

"Nilishawahi kuwa nayo hii," akasema.

"Miwani?"

"Glasi. Kaa chini nikwambie."

Kwao ni kupita Dareda kidogo, chini ya ule ukingo mrefu wa mlima. Kuna chemchemi pale, na boma la baba yake lilikuwa jirani nayo. Maji yanatoka chini ya ardhi, chini ya jiwe pana, na jicho lenyewe limejificha ndani, nyuma ya mdomo wa jiwe. Ukisimama ukingoni unaona kidimbwi na matawi ya mkuyu. Ukiinama unaona uso wako. Ukitumbukiza uso unaona ukungu tu, maana macho ya mtu hayaoni ndani ya maji.

Alipokuwa na miaka saba hivi, wakati wa kiangazi, alichukua glasi ya wageni kabatini kwa mama yake bila kuomba. Ilikuwa moja tu, ya kioo kinene. Akalala kifudifudi ukingoni, akaikandamiza glasi kwenye maji, kitako chake kikitangulia, na akatazama kupitia ndani yake. Ukungu ukaondoka. Akaona chini ya jiwe kuna shimo la ukubwa wa mdomo wa chungu, na ndani ya shimo mchanga mweupe unainuka, unazunguka, unashuka, unainuka tena.

"Ulikuwa unacheza, fundi. Mchanga ulikuwa unacheza, na hapakuwa na mtu wa kuuchezesha."

Alishangaa sana mpaka mkono ukalegea, na glasi ikaenda. Alikimbia nyumbani kutangaza alichokiona. Alichapwa kwa ajili ya glasi, jambo ambalo alilitarajia. Asichokitarajia ni dada yake mkubwa kusema mbele ya wote kwamba hapakuwa na mchanga wowote unaocheza, kwamba yeye huchota pale kila siku na hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba mtoto ametunga hadithi kufunika kosa. Basi ikawa hivyo. Kwenye kila harusi, kila msiba, kila Krismasi, dada yake aliisimulia: siku mdogo wangu alipotupa glasi akasema mchanga unacheza. Watu walicheka. Mama naye alikuwa anacheka pamoja nao, miaka zaidi ya hamsini.

"Si ni utani tu, Mama?"

"Ni utani." Akairudisha miwani msumarini, akainyoosha mkanda. "Mwezi wa kumi na moja wanajengea. Wanaweka zege juu ya jicho lote, bomba linatoka pembeni, kila mtaa kule unapata koki yake. Sisemi wasifanye. Dada yangu ana goti bovu na bado anabeba maji. Lakini wakishafunika, fundi, basi tena. Nitakufa nikiwa mwongo."

Ndivyo mpango ulivyoanza. Nilichukua daftari nililokuwa naandikia vipuri nikaligeuza, nikaanza upya kutoka nyuma. Mimi ningeingia majini, Mama angekaa ukingoni, na dada yake angekuwa shahidi wa nitakayoyasema. Niliandika kamba ya mita kumi. Niliandika saa sita na nusu mchana, kwa sababu Mama alikumbuka kwamba saa hiyo jua hupenya kwenye mkuyu na kuingia chini ya jiwe, halafu hutoka. Nilichora jiwe, nikalifuta kwa sababu Mama alisema limenenepa mno, nikalichora tena. Kila jioni, akishapeleka chungu cha maharage jikoni, alikuja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wangu, na alikumbuka kitu kingine: mizizi mikubwa upande wa kulia, kaa wadogo, mahali ambapo maji ni baridi zaidi. Niliandika yote. Zilipita siku ambazo sikuwa na hakika kama tunapanga safari ya kwenda mahali au safari ya kurudi nyuma kwenye umri wake wa miaka saba, na sikuona haja ya kuuliza. Nilikuwa napenda mpango usiishe.

Tatizo la kwanza lilikuwa mate. Nilimweleza kwamba kioo kinaingia ukungu kwa joto la uso, na kwamba wazamiaji hutema mate ndani yake, wanasugua, wanasuuza.

"Mate?" Akasimama kabisa. "Kwenye maji ya baba yangu? Fundi, ukitema pale watakufukuza mpaka Singida."

Nikakumbuka yule mpishi alikuwa akitumia kiazi. Unakata kiazi kibichi, unasugua kioo kwa upande uliokatwa, unafuta kwa kitambaa. Tulijaribu, kikakubali. Nikaandika: kiazi kimoja, kisu, kitambaa safi.

Halafu Mama akataka kujua kupumua kwa mrija kukoje. Alisema ni kwa kujua tu. Basi tukaweka beseni kubwa la kufulia juu ya meza uani, tukalijaza, nikamfunga miwani juu ya kilemba, akashika meza kwa mikono miwili na kuinamisha uso majini. Mara ya kwanza alipumua kwa pua. Mara ya pili alizamisha mrija wote. Mara ya tatu alikaa kimya, mgongo umetulia, na pumzi yake ikawa inapita kwenye mrija taratibu, hoo, hoo, mpaka kuku wakaja kusimama wakimtazama.

Mwenye duka alikuwa amevuka barabara. Akaegemea lango.

"Mama, kumbe umeamua kubatizwa upya?"

Mrija ukasema hoo.

"Fundi, mgeuze upande wa pili, huo umeshaiva."

Mama akainuka, maji yanamtiririka, miwani usoni, mrija mdomoni. Akautoa. "Wewe subiri. Nikimaliza hapa nakuja nayo dukani kwako, nione kilichojificha chini ya mizani."

"Uje, uje. Utakuta mchanga unacheza."

Alikuwa ameshaijua hadithi. Mtaa wote ulikuwa umeshaijua. Mama alicheka. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona jinsi alivyocheka: haraka, kabla ya wengine.

Tulikwenda Jumapili moja baada ya ibada, kuomba ruhusa. Noah ya abiria mpaka Dareda na kupita kidogo, kisha pikipiki mbili, kisha miguu kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya mbaazi. Sijui kwa nini nilikuwa nimetegemea mahali pakubwa. Palikuwa na mkuyu mmoja, jiwe moja, kidimbwi kisichozidi upana wa kitanda cha watu wawili, na ubaridi uliotoka pale ukatugusa miguu kabla hatujafika. Mama hakunisemesha. Alivua viatu mbali, akasogea, akalala kifudifudi juu ya nyasi na kunywa kwa mdomo, kama mtoto. Kisha akainuka, akajipangusa, na ndipo akawaangalia watu.

Dada yake alikuwa anakuja na kibuyu chake. Mrefu, mweusi, anachechemea kidogo, na macho ya mtu aliyezoea kuulizwa ruhusa. Alikuwa kwenye kamati ya maji. Nadhani hata bila kamati ingekuwa hivyohivyo.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Umemleta nani?"

"Fundi."

"Wa bomba?"

"Wa vyerehani."

"Basi amepotea njia. Karibu, baba."

Nilimwamkia, nikatoa daftari, nikaeleza. Nilieleza vizuri, nakumbuka. Nilimwonyesha hata mchoro wa jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu hauingii," akasema. "Si wa fundi, si wa ng'ombe, si wa askofu. Hata hao wa bomba tumewaambia watajenga wakiwa wamesimama juu ya mbao. Na wewe," akamgeukia mdogo wake, "bado uko na glasi ile?"

Wanawake waliokuwa wakichota wakacheka. Mama naye.

Tulipewa chai ya maziwa na makande, tukaaga. Njiani nilikuwa nimefunga daftari na kuliweka kwapani. Nilijisikia kama mtu aliyemchezea mama wa watu kwa miezi. Nikauliza lisilohusika: kwa nini alilala chini kunywa, na wenzake wote wana vibuyu?

"Wao wanakaa pale, wanachota," Mama akasema. "Aliyelala nje ndiye anayelala chini. Ukitoka mbali ukirudi, kabla hujamsalimia mtu, unayasalimia maji kwanza. Kwa mdomo. Mikono haigusi, mguu hauingii. Uso tu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka utosheke. Nani atakuhesabia?"

Nikasimama njiani. Yeye akaenda hatua tatu nne, akasimama pia, na akageuka taratibu.

"Fundi," akasema. "Ule mrija si ulisema unabaki juu?"

"Unabaki juu, Mama."

Tulicheka mpaka barabara kuu. Mwendesha pikipiki aliyetukuta pale alitaka tumwambie na yeye.

Tulirudi wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi. Kando ya njia palikuwa na lundo la kokoto na mchanga wa mto na mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai. Mafundi wa bomba walikuwa wamesema watamwaga zege Ijumaa inayofuata. Saa sita na robo Mama alivua viatu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Nikasugua kioo kwa kiazi mbali na maji, nikafuta, nikamfunga. Akalala chini, akanywa kwanza kidogo kwa heshima, akauma mrija, akashusha uso.

Akainuka anakohoa. Miwani imejaa maji.

Tukajaribu tena. Ikajaa tena. Nilikaza mkanda, mpira ukateleza mpaka puani. Ndipo nilipomtazama vizuri. Uso ulikuwa unang'aa kama sahani. Alikuwa amejipaka mafuta kuanzia kwenye nywele hadi shingoni, kwa sababu anakwenda kwao, na mtu haendi kwao na uso uliopauka, watasema mjini anateseka. Miezi yote ile nilikuwa nimeandika kamba, saa na kiazi, na sikuandika kwamba binti wa watu anaporudi nyumbani hujipaka mafuta.

"Sabuni?" nikauliza.

Wanawake wote walinitazama kwa pamoja, nikajua nimekosea tena, kama siku ile ya mate. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mizizi.

"Ameona?" dada yake akauliza kutoka nyuma, kibuyu begani.

"Ameona maji," mmoja akajibu, na kicheko kikaanza.

Dada yake hakucheka. Aliweka kibuyu chini, akaondoka akichechemea, na akarudi na unga wa mahindi kwenye kiganja. Akamshika mdogo wake kidevu. "Njoo huku mbali. Tangu utoto hujui kunawa." Akamsugua unga mashavuni, kwenye paji la uso, chini ya pua, akamfuta kwa ncha ya khanga yake mwenyewe. Mama alifumba macho. Alipomaliza uso ulikuwa mkavu na mweupe kidogo, na ulionekana mdogo kuliko umri wake.

Mara hii miwani ilishika.

Sijui alilala pale muda gani. Nilikuwa na simu mfukoni na sikuitazama. Jua liliingia majini kwa mshazari, kidimbwi kikawa na rangi ya chai ya majani mabichi, na pumzi yake ilipita kwenye mrija ikienda na kurudi. Wanawake walishusha vibuyu. Ng'ombe mmoja alilia mbali, akanyamaza. Ilikuwa saa ambayo mtu angeweza kunitokea akaniambia kwamba sijawahi kuondoka popote, kwamba nimekaa chini ya mkuyu huu tangu nilipozaliwa, na ningeamini.

Alipoinuka alikuwa na duara la mpira usoni. Hakuwaangalia wengine.

"Unacheza, Dada. Mchanga unacheza."

"Umeona ulichokuja kukiona."

"Basi tazama mwenyewe. Miwani hii hapa."

Dada yake aliitazama miwani. Nilidhani atakataa kwa kiburi, lakini sauti yake ilitoka chini. "Mimi nitarudi kutoka wapi? Sijalala nje ya hapa hata siku moja. Nimeolewa boma la pili, nimejifungulia hapa, nimezika hapa. Mimi ni wa kibuyu."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilielewa, na nadhani Mama alielewa wakati uleule: miaka hamsini huyu alikuwa amechota maji ambayo hakuruhusiwa kuyawekea uso, na mdogo wake, kwa kuwa alikwenda kuolewa mjini, alikuja kila Krismasi na kulala chini.

"Njoo ulale kwangu," Mama akasema.

"Na ng'ombe?"

"Wana watoto wako."

"Goti?"

"Goti utakuja nalo."

"Nitaona," akasema, akajitwika kibuyu.

Nilidhani Mama atafurahi njia nzima. Alikaa dirishani na duara lake usoni mpaka tukaliona ziwa. "Nimeona mara mbili sasa," akasema. "Na bado ni mimi peke yangu."

Siku zilizofuata sikuandika chochote kwenye daftari. Mpango ulikuwa umeisha, na nilianza kusikia vyerehani vya Singida. Kuna mtu alinipigia, kweli, lakini hata asingepiga ningevisikia. Jumatatu nilimrudishia fundi mmoja wa Maisaka mashine yake, Jumanne nikarudisha mbili za mwisho, na Jumatano nikamwambia Mama naondoka Ijumaa.

"Najua," akasema. "Ulipoacha kuandika nilijua."

Hakunisihi. Alinipikia dona na maziwa mgando, na aliniambia kwamba chumba changu sasa atakitia rangi.

Alhamisi mchana bajaji ikasimama langoni, na dada yake akashuka, goti kwanza, kisha kuku aliyefungwa miguu, kisha kibuyu cha maziwa. Alitazama mtaa mzima, mwenye duka akiwemo.

"Hapa watu wanalala kweli, na kelele hizi?"

"Karibu sana, shikamoo," mwenye duka akasema. "Tumesikia habari zako."

"Marahaba. Mimi sijasikia zako."

Jamaa alirudi dukani akiwa amefurahi kabisa.

Jioni dada yake Mama alikuja kusimama mlangoni kwangu. Begi lilikuwa limefungwa. Msumarini ilibaki miwani peke yake.

"Na wewe fundi, kwenu ni wapi?"

"Mpwapwa."

"Umelala nje siku ngapi?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. "Miaka kumi na tisa, Mama mkubwa."

"Kuna maji huko?"

"Kuna kijito. Kilikuwepo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kutosha. Nikatoa miwani msumarini nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi tulipanda basi la Singida sote watatu. Dada yake alikaa dirishani, miwani imefungwa kwenye khanga mapajani, na kila kijiji kilichopita alikiuliza jina, ingawa alikuwa amekipita jana yake tu. Mama alikuwa na kiazi mkobani na uso mkavu kabisa. Wote wawili walikuwa wamepauka kama watu waliotoka kupura mahindi. Waliposhuka, kupita Dareda kidogo, Mama alibaki kwenye ngazi.

"Miwani tutakutumia, fundi."

"Msinitumie."

Konda akapiga bati. Niliwaona kupitia kioo cha nyuma, mmoja mrefu anachechemea, mmoja mfupi, wanavuka kuelekea kwenye pikipiki, hawajageuka. Babati sijarudi tena.

Basi lilipanda. Nililala, au sikulala. Mlima Hanang ulitokea mbele na wingu kichwani, ukahamia kulia, ukahamia kushoto. Simu ilipolia ilikuwa karibu saa saba.

"Fundi, umefika wapi?"

"Naona Hanang, Mama."

"Amelala."

"Nani?"

"Dada. Tangu jua liingie. Miguu inaniuma kwa kusimama. Mafundi wa bomba wamekaa juu ya mifuko yao wanamsubiri, hakuna anayethubutu kumwambia neno."

"Amesema nini?"

"Ameinua kichwa mara moja." Nilisikia akihama mahali, nyasi zinalia. "Akasema, 'Unacheza.' Halafu akaniambia nisogee, namkinga mwanga."

Hakukata simu. Nadhani aliishusha tu mkononi na kuisahau, kwa maana nilisikia mkuyu, na mtu akikohoa mbali, na chini ya vyote hivyo pumzi ikipita kwenye mrija, inakwenda, inarudi, haina haraka. Nilibana simu sikioni na kusikiliza mpaka mlima ulipotukatia mtandao.